Jimbo la tano la Minnesota: kiti cha Ilhan Omar kina zaidi ya miaka 140, na hakuna aliyekiteka

#1 Kipanga wa Mbezi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye ule uzi wa wakimbizi mdau mmoja kaandika kwamba Wasomali "wameteka jimbo zima Marekani", na watu wakammiminia pongezi. Kujibu kule ni kumpigia mbuzi gitaa, maana kila mtu anatukana. Nimeona nifungue uzi wake ili tuongee kwa nondo.

Jimbo linalosemwa ni la tano la Minnesota, yaani jimbo la uchaguzi la mji wa Minneapolis, ambalo mbunge wake tangu Januari 2019 ni Ilhan Omar. Ninachosema mimi ni kwamba kile kiti kina desturi yake tangu karne ya 19. Mgeni huingilia mlango wa chama, wazee na vijana wa chama ndio wanaomfungulia, na akishapita pale uchaguzi mkuu unabaki kukamilisha ratiba. Alianza Mnorwei kabla hata reli ya Mombasa haijawekwa taruma la kwanza.

Nianze na hesabu, maana ndiyo inayofupisha ubishi. Minnesota ina viti vinane kwenye Baraza la Wawakilishi. Kwa sensa ya 2020 kila jimbo lilitakiwa kuwa na watu 713,000 na ushee. Minneapolis peke yake ina watu kama 430,000, kwa hiyo mji wote unaingia, halafu unajaziwa na miji ya pembeni: St. Louis Park, Richfield, Golden Valley, Hopkins, Robbinsdale, Crystal, New Hope, Brooklyn Center, Columbia Heights, Fridley na vipande vingine. Weupe ni zaidi ya nusu ya wakazi. Weusi wote kwa ujumla wao, yaani Wamarekani weusi wa tangu zamani, Wasomali, Waethiopia, Waliberia na wengine, hawafiki robo.

Sasa Ilhan 2018 alishinda kwa asilimia 78. Hizo kura kazipata kwa nani?

Naendelea. Mods msiunganishe uzi huu na ule, nawaomba.

#2 Sauti ya Buguruni

Siti ya mbele. Tiririka mkuu.

#3 Fundi Mwashi

Kipanga nakuheshimu, ila usitupige chenga. Asilimia 78 ni ya uchaguzi mkuu, na wewe mwenyewe umesema uchaguzi mkuu ni kukamilisha ratiba. Tuambie kwenye kura za maoni ndani ya chama nani alimbeba. Pale ndipo kabila moja likijipanga linaweza kumaliza kazi.

#4 Kipanga wa Mbezi

Fundi, hoja yako nimeiweka pembeni, nitaifikia. Hailiki bila historia.

Jimbo la tano lilipata mbunge wake wa kwanza mwaka 1883, na wakati ule wala halikuwa Minneapolis. Lilikuwa huko kaskazini-magharibi, bonde la Mto Red, nchi ya ngano na reli. Mbunge huyo alikuwa Knute Nelson. Kazaliwa Norway 1843, akaletwa Chicago na mama yake mwaka 1849 akiwa mtoto mdogo, hohehahe wa kutupwa. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilimkuta Wisconsin, akajiunga na jeshi la Kaskazini, na mwaka 1863 akajeruhiwa na kutekwa pale Port Hudson, Louisiana. Baadaye akasomea sheria, akaingia siasa, akahamia Minnesota.

Mwaka 1882 Republican walikutana kwenye mji ambao leo unaitwa Detroit Lakes ili wateue mgombea. Mpinzani wa Nelson, Charles Kindred, alikuwa na fedha za biashara ya ardhi ya reli ya Northern Pacific. Mkutano ukapasuka vipande viwili, kila kipande kikatangaza mgombea wake, na wote wawili wakaenda uchaguzi mkuu wakijiita Republican. Kwa vurugu zake kampeni ile ikapewa jina la "Jimbo la Tano la Damu". Nelson akashinda, na mgongo uliombeba ni wa wakulima wa Kinorwei na Kiswidi waliokuwa wamejaa kule, wengi wao Kiingereza cha kuombea maji.

Mtu huyo huyo akaja kuwa gavana wa Minnesota mwaka 1893, gavana wa kwanza Marekani mzaliwa wa Skandinavia, kisha seneta tangu 1895 hadi alipofariki 1923. Kabla namba tano haijahama kule ngano, mwaka 1890 wakamchagua Kittel Halvorson, naye mzaliwa wa Norway, aliyeletwa na vuguvugu la wakulima lililokuwa linazikaba koo benki na reli. Vyama viwili vikubwa vyote akavibwaga.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mbunge aliyezaliwa nje na kubebwa na watu wa lugha yake ni kioja cha karne ya 21, namuonyesha Nelson.

#5 Mzee wa Kisauni

Nimefurahi kuona mtu anaanzia mbali. Niongeze la kwetu, maana Kipanga akifika kwa Ilhan ataruka. Familia yake ilipokimbia vita vya Somalia mwaka 1991 ilifikia kambi ya Utange, hapa hapa nje ya Mombasa. Walikaa miaka minne. Vijana wa leo hawajui kwamba Pwani ilikuwa na kambi za wakimbizi. Serikali ilizifunga katikati ya miaka ya 90, wengi wakapelekwa Kakuma. Wengine wakapata bahati ya kupelekwa ng'ambo, yeye mmojawapo, mwaka 1995 akiwa na umri wa miaka 12 au 13. Sisi wa Kisauni Utange tunaijua vizuri.

#6 Kipanga wa Mbezi

Mzee shikamoo. Hapo umenisaidia, hiyo sehemu ningeipitia juu juu kweli.

Tuje Minneapolis. Sensa ya 1890 iliongeza viti vya Minnesota kutoka vitano kuwa saba, mipaka ikachorwa upya, na namba tano ikahamia mjini kuanzia 1893. Mji wenyewe ulikuwa umejengwa juu ya maporomoko ya St. Anthony kwenye Mto Mississippi. Maji yanazungusha mitambo, mitambo inasaga unga. Kuanzia miaka ya 1880 hadi 1930 hivi hapakuwa na mji duniani uliosaga unga wa ngano kuushinda huo. Na unga ule ulikuwa hatari: mwaka 1878 vumbi lake lilishika moto ndani ya kinu cha Washburn A, kinu kizima kikalipuka, watu 18 wakafa.

Wenye vinu walikuwa Republican, wabunge wakawa Republican. Loren Fletcher, mfanyabiashara wa unga na mbao, alikaa kitini karibu mfululizo hadi 1907. Aliyemkatiza ni John Lind, mzaliwa wa Sweden, mtu wa mkono mmoja (wa kushoto aliupoteza kwenye ajali ujanani), aliyekuwa ametoka kwenye ugavana. Lind alishinda 1902 kwa Democratic, akakaa miaka miwili, akaondoka zake.

Wafanyakazi wao walikaa mtaa wa Cedar-Riverside, karibu na mto. Barabara ya Cedar ilijaa baa na kumbi za maonyesho za Waswidi, Wanorwei na Wadenmaki, hata ikabatizwa Snoose Boulevard kwa ajili ya ugoro waliokuwa wanabwia. Shikeni jina la mtaa huo, tutarudi.

Mwaka 1916 wakamchagua Ernest Lundeen. Aprili 1917 Rais Wilson anataka kuingia Vita Kuu ya Kwanza, Lundeen akapiga kura ya hapana, akiwa mmoja wa wabunge 50 waliokataa. Uchaguzi uliofuata kiti kikaota mbawa. Alirudi baadaye kwa tiketi ya Farmer-Labor, chama cha wakulima na wafanyakazi ambacho Minnesota kiliwahi kutoa gavana na maseneta, kitu ambacho chama cha tatu Marekani hakifanyi kirahisi. Akawa seneta 1937, akafa kwenye ajali ya ndege Agosti 1940. Miaka yake ya mwisho ina doa la ukaribu na wakala wa propaganda za Hitler. Kupinga vita nako kuna wenzake wabaya.

#7 Sauti ya Buguruni

Ugoro ukazaa jina la barabara, haya makubwa.

Swali mkuu: hiyo mipaka anachora nani? Sisi huku tunajua tume ya uchaguzi.

#8 Kipanga wa Mbezi

Swali zuri sana, na Minnesota ndiyo ina kesi yake maarufu.

Kwa kawaida mipaka huchorwa na bunge la kila "state", kama Minnesota, kila baada ya sensa, yaani kila miaka 10. Chama chenye wingi kikitaka, kinachora kwa hila: kinawarundika wapinzani ndani ya jimbo moja au kinawasambaza wasifue dafu popote. Sensa ya 1930 iliishusha Minnesota kutoka viti 10 hadi 9. Bunge likapitisha ramani, Gavana Floyd Olson wa Farmer-Labor akaigomea. Wabunge wakasema gavana hana mamlaka hayo, kuchora mipaka ni kazi ya bunge peke yake. Kesi ya Smiley dhidi ya Holm ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1932 mahakama ikasema gavana ana haki ya kukataa ramani kama anavyokataa muswada mwingine. Ramani hakuna, uchaguzi umekaribia. Ikabidi viti vyote tisa vipigiwe kura na Minnesota nzima, bila majimbo. Kwa miaka miwili jimbo la tano halikuwepo kabisa.

Siku hizi mambo ni tofauti. Kwa miongo kadhaa sasa vyama vimeshindwa kukubaliana, na ramani huishia kwa jopo la majaji watano. Ya 2002, ya 2012 na ya 2022 zote ni za majaji. Kwa hiyo wale wanaosema jimbo la Ilhan lilichorwa ili apite, hawajui wanachokisema. Majaji walichukua mji, wakaujazia majirani hadi idadi ikatimia.

#9 Fundi Mwashi

Sawa, mipaka tumekuelewa. Ila Republican wa unga waligeukaje wakawa hawa wa kushoto kupindukia? Hapo umeruka hatua.

#10 Kipanga wa Mbezi

Sijaruka Fundi, nilikuwa napata chakula.

Kuna mambo mawili. La kwanza ni mgomo wa madereva wa malori wa 1934. Minneapolis ilikuwa mji wa matajiri waliojipanga kuzuia vyama vya wafanyakazi visisimame. Tarehe 20 Julai 1934 polisi wakawafyatulia risasi wagomaji wasio na silaha, wawili wakafa, makumi wakajeruhiwa. Gavana Olson akaleta jeshi, na mwishowe wafanyakazi wakashinda. Tangu hapo mji haukuwa tena wa wenye vinu peke yao.

La pili ni ndoa ya Aprili 1944. Democratic wa Minnesota walikuwa dhaifu, Farmer-Labor walikuwa wameanza kupukutika. Wakaungana, kikazaliwa chama kinachoitwa Democratic-Farmer-Labor, kwa kifupi DFL. Hadi leo Minnesota hakuna tawi la Democratic lenye jina hilo tupu, kuna DFL. Mmoja wa washenga wa ndoa ile alikuwa Hubert Humphrey, aliyekuja kuwa meya wa Minneapolis mwaka 1945, na 1948 akasimama kwenye mkutano mkuu wa chama Philadelphia kudai haki za watu weusi, hadi wajumbe wa Kusini wengine wakatoka nje ya ukumbi.

Hata hivyo kiti cha ubunge kilibaki kwa Republican miaka 20, 1943 hadi 1963, mikononi mwa Walter Judd. Huyu nampenda kumsoma. Alikuwa daktari mmisionari Uchina kwa vipindi viwili miaka ya 1920 na 1930, akaona uvamizi wa Wajapani kwa macho yake, akarudi Marekani kuzunguka akihubiri kwamba msiwauzie Japani chuma na mafuta. Bungeni akawa sauti kubwa ya Chiang Kai-shek, mtawala wa Uchina, na adui wa Mao mkomunisti. Huyo huyo alipigania kufutwa kwa vizuizi vya rangi vilivyowanyima watu wa Asia uraia, jambo lililoingia kwenye sheria ya uhamiaji ya 1952. Mhafidhina aliyewafungulia wageni mlango.

Kilichomng'oa ni ramani. Sensa ya 1960 ikaipunguzia tena Minnesota kiti, kutoka 9 kuwa 8. Mipaka ikachorwa upya, mitaa ya kaskazini mwa Minneapolis iliyokuwa ngome ya DFL ikaingizwa kwenye jimbo lake. Uchaguzi wa 1962 akaangushwa na Don Fraser. Tangu Januari 1963 hakuna Republican aliyekikalia kiti kile. Wabunge ni wanne tu katika zaidi ya miaka 60: Fraser miaka 16, Martin Sabo 28, Keith Ellison 12, na sasa Ilhan.

#11 Binti Tandika

Nimesoma kimya kimya hadi hapa. Kuna kitu nakiona sijui kama ni mimi tu. Lundeen anagombania vita, Judd anagombania Uchina, Ilhan naye kila siku ni Israel na Somalia na Saudia. Hawa watu wa Minneapolis wana nini na mambo ya nje?

#12 Kipanga wa Mbezi

Dada yangu, umeniwahi, na umekosa mmoja tu. Don Fraser.

Fraser aliongoza kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi iliyohusika na mashirika ya kimataifa. Mwaka 1973 akaanzisha mfululizo wa vikao kuhusu haki za binadamu na misaada ya Marekani, wakati Rais Nixon na msaidizi wake Kissinger hawataki kusikia habari hizo. Kutokana na kazi ile sheria zikabadilishwa, na Wizara ya Mambo ya Nje ikalazimika kuandika ripoti ya haki za binadamu ya kila nchi. Ile ripoti inayotajwa kwenye magazeti yetu kila mwaka, serikali zetu zikinuna na kuikanusha, mzizi wake uko kwenye chumba cha kamati ya mbunge wa jimbo la tano. Akachunguza pia ushawishi wa Korea Kusini ndani ya Washington, kashfa iliyotikisa miaka ile.

Na ndani ya chama ndiye aliyemalizia kazi ya tume ya McGovern na Fraser, iliyoundwa baada ya vurumai za mkutano wa 1968 Chicago. Tume ile ndiyo iliyowanyang'anya vigogo madaraka ya kuchagua mgombea urais na kuwapa wapiga kura wa kawaida. Mwaka 1978 akautaka useneta, akaangushwa kwenye kura za maoni na mfanyabiashara Bob Short. Akarudi nyumbani, akawa meya wa Minneapolis tangu 1980 hadi 1994. Alifariki 2019 akiwa na miaka 95, akiwa ameshamwona Ilhan akiapishwa.

Kwa hiyo Binti, si wewe tu. Mimi naona ni mji uliojengwa na watu wenye ndugu ng'ambo, makanisa yake ya Kilutheri yamezoea kupeleka wamisionari na kupokea wakimbizi. Mbunge akizungumzia nje hapotezi kura nyumbani, labda akutane na vita kuu.

Sabo nitampitia haraka, si kwa kumdharau. Mtoto wa wahamiaji wa Kinorwei, aliingia Bunge la Minnesota akiwa na miaka 22, akawa spika, kisha Washington akaongoza Kamati ya Bajeti. Bajeti ya Clinton ya 1993 ilipita kwa kura 218 kwa 216, na yeye ndiye aliyekuwa anaisukuma. Maneno machache, barabara nyingi. Kuna daraja la baiskeli Minneapolis lina jina lake.

#13 Ritaa wa Nyamira

Niko huku Minnesota, acha niongee kama mkaaji. Watu wa nje wanadhani Waafrika huku ni Wasomali pekee. Sisi Wakisii tumejaa upande wa Brooklyn Park na Brooklyn Center, Waliberia nao wengi sana pale. Brooklyn Center ilichagua meya mzaliwa wa Liberia, Mike Elliott, mwaka 2018. Na uchaguzi wa 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Nyamira, akaingia Bunge la Minnesota kutoka Brooklyn Park, Mkenya wa kwanza kwa kuzaliwa. Lakini eneo lake liko nje ya eneobunge la Ilhan, ni la tatu hilo. Brooklyn Center ndiyo iko ndani.

Na Fundi, mchujo wa huku si kama wa kwetu. Hakuna kadi ya chama. Siku ya mchujo mwezi wa nane unaingia, unapewa karatasi, unachagua safu ya chama unachotaka mwaka huo. Hata Republican anaweza kupiga kura upande wa DFL, mradi asichanganye vyama kwenye karatasi moja. Kabla ya hapo kuna vikao vya mitaa, halafu mkutano wa wajumbe, na anayetaka baraka za DFL lazima apate asilimia 60 ya wajumbe. Vikao hivyo ni vya usiku wa baridi kali na maneno mengi. Mwenye uvumilivu wa kukaa ndiye anayetoka na baraka.

#14 Kipanga wa Mbezi

Ritaa asante, hapo umeniletea ufunguo wa jibu la Fundi.

Mwaka 2006 Sabo anastaafu. Anamuunga mkono Mike Erlandson, aliyekuwa mkuu wa ofisi yake. Wajumbe wa DFL wanampa baraka Keith Ellison, wakili mweusi mzaliwa wa Detroit aliyesilimu akiwa chuoni. Kura za maoni Ellison akapata asilimia 41, Erlandson kama 31. Uchaguzi mkuu akapata 56, na waliobaki wakagawana. Akawa mwislamu wa kwanza kuingia Kongresi na mtu mweusi wa kwanza kuiwakilisha Minnesota kule. Wakapiga kelele kwamba ataapaje na Kurani. Akaazima nakala iliyokuwa ya Thomas Jefferson kutoka Maktaba ya Kongresi. Hapo Wasomali wenye haki ya kupiga kura walikuwa bado wachache. Waliompitisha Ellison ni wazungu wa kusini mwa Minneapolis pamoja na weusi wa kaskazini.

Ilhan sasa. Familia ilihamia Minneapolis 1997, wakakuta Wasomali wengine walioletwa na mashirika ya makanisa na kazi za viwanda vya nyama. Wengi walikaa wapi? Cedar-Riverside, mtaa ule ule wa ugoro, kwenye maghorofa ya rangi rangi yaliyojengwa miaka ya 1970. Akiwa kijana alikuwa anampeleka babu yake kwenye vikao vya mtaa vya DFL kama mkalimani. Hapo ndipo aliposomea siasa, akiwa bado hana hata haki ya kupiga kura. Mwaka 2016 akamwangusha Phyllis Kahn, mama aliyekuwa Bunge la Minnesota tangu uchaguzi wa 1972. Na kwenye kinyang'anyiro kile kulikuwa na Msomali mwingine, Mohamud Noor, kwa hiyo kura za Wasomali ziligawanyika. Fundi, ukisema kabila lilijipanga, jibu hilo kwanza.

Juni 2018, siku ya mwisho ya kurudisha fomu, Ellison akatangaza anaacha ubunge agombee uanasheria mkuu wa Minnesota. Watu wakakimbizana na fomu. Mkutano wa haraka haraka wa wajumbe ukampa Ilhan baraka. Agosti akapata asilimia 48, Margaret Anderson Kelliher, spika mstaafu wa Bunge la Minnesota, 30. Januari 2019 Baraza la Wawakilishi likalegeza katazo la kuvaa kofia ukumbini lililokuwepo tangu 1837, ili aingie na hijabu yake.

#15 Fundi Mwashi

Nakuelewa, lakini 2022 je? Nakumbuka alinusurika.

#16 Kipanga wa Mbezi

Alinusurika haswa, na hapo una hoja.

Tarehe 25 Mei 2020 George Floyd aliuawa na polisi kwenye kona ya mtaa wa 38 na Chicago Avenue, ndani ya jimbo lile lile. Mji ukaungua. Baadaye ukaja mjadala wa kuifuta idara ya polisi na kuweka idara nyingine. Ilhan aliunga mkono. Novemba 2021 wapiga kura wa Minneapolis wenyewe wakakataa, kama 56 kwa 44. Aliyejitokeza kuibeba hasira ile ni Don Samuels, diwani wa zamani kutoka kaskazini mwa mji, mtu mweusi, mzaliwa wa Jamaika. Agosti 2022 Ilhan akapata asilimia 50.3 dhidi ya 48.2. Tofauti ilikuwa kura kama 2,500. Kwa tofauti hiyo, Fundi, kila kundi lililojitokeza lina haki ya kujigamba kwamba ndilo lililomwokoa: Wasomali, wanafunzi wa chuo kikuu, wapangaji wazungu wa mtaa wa Powderhorn. Kwa hiyo mwaka ule nakupa, kura za Wasomali ziliamua. Ila ziliamua kwa sababu wazungu waligawanyika katikati.

Wakarudiana 2024, akamshinda kwa asilimia 56 kwa 43. Novemba mpinzani wake wa Republican alikuwa Dalia Al-Aqidi, mwandishi wa habari mzaliwa wa Iraq. Akamshinda kwa asilimia 74 na ushee.

Kuhusu ugomvi wake na Israel, mnaujua: maandishi yake mtandaoni ya Februari 2019 kuhusu fedha za watetezi wa Israel, ambayo aliyaombea radhi, na Februari 2023 Republican wakamtoa Kamati ya Mambo ya Nje kwa kura 218 kwa 211. Ndani ya jimbo jambo hilo lina uzito wake St. Louis Park, kwenye jamii kubwa ya Wayahudi. Kule wapo waliochoka naye kabisa na wapo wanaomtetea.

#17 Binti Tandika

Kwa hiyo mwaka 2022 chaguo lilikuwa kati ya mtoto wa Mogadishu na mtoto wa Jamaika, na 2024 akaongezeka wa Iraq. Wazungu wenyewe wako wapi kwenye kugombea?

#18 Kipanga wa Mbezi

Wapo dada, wanagombea umeya. Na wanashinda.

#19 Mzee wa Kisauni

Swali la mwisho kabla sijaenda kuswali. Hicho kiti kitakuja kurudi kwa Republican?

#20 Kipanga wa Mbezi

Kwa kura, sioni. Biden 2020 alipata kama asilimia 80 pale. Lakini mzee, kumbuka Judd hakung'olewa na kura peke yake, alianza kung'olewa na sensa.

Sensa ya 2020 nusura Minnesota ipoteze kiti. Ilikipata cha mwisho kabisa, cha 435 kati ya viti 435 vya Baraza, na New York ikakosa. New York ingehesabiwa watu 89 zaidi, kiti kingeenda kwao. Sensa ya 2030 bahati hiyo isiporudi, viti vitakuwa saba na kila jimbo litahitaji watu zaidi ya 800,000. Jimbo la tano litalazimika kumeza watu kama 100,000 kutoka nje. Likimeza upande wa magharibi litapata matajiri wa ufukweni mwa Ziwa Minnetonka, watu wa msimamo wa kati, na Agosti hapo itakuwa nyingine kabisa kwa mgombea wa aina ya Ilhan. Likimeza kaskazini litapata Brooklyn Park.

#21 Ritaa wa Nyamira

Wakimeza kaskazini watukute, fomu tutachukua mapema.